Kuloweka Mbegu Kabla ya Kupanda: Faida na Mpaka Wake

Katika Bukoba na Muleba, njugumawe hulimwa zaidi na wanawake kwenye nyanda za nyasi ambazo Wahaya huziita rweya. Udongo wa huko ni maskini na wenye asidi, tofauti na ule wa kibanja cha migomba, uliorutubishwa kwa samadi vizazi kwa vizazi. Tena mbegu yenyewe ina ganda gumu, na huweza kukaa ardhini wiki moja au mbili kabla ya kuchomoza. Mvua ikikatika wakati huo, mbegu zilizokwisha kuanza kuota hufa, na akiba iliyotunzwa tangu mavuno hupotea. Hatari huzidi upande wa magharibi. Mjini Bukoba mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, lakini hupungua sana kadiri mtu anavyoliacha Ziwa Viktoria.

Njia moja ya kupunguza siku hizo za hatari ni kuloweka mbegu. Kuota kuna hatua tatu. Kwanza, mbegu kavu hunywa maji upesi na kuvimba. Pili, unywaji hupungua. Kwa nje mbegu huonekana imetulia, lakini ndani vimeng'enya huanza kuyeyusha akiba ya chakula kwa ajili ya kiinitete. Tatu, mzizi hupasua ganda. Mbegu iliyolowekwa hupitia sehemu kubwa ya safari hii nyumbani. Ikifika shambani, mzizi wake huwahi unyevu kabla tabaka la juu la udongo halijakauka.

Hata hivyo, kuna mpaka. Kabla ya mzizi kutokeza, mbegu yaweza kukaushwa tena bila kufa. Baada ya hapo, ukavu huiua. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wales, Bangor, walifanya majaribio pamoja na wakulima wa magharibi ya India. Mahindi yaliyolowekwa usiku kucha, yakaanikwa mpaka maji ya juu ya ganda yakakauka, kisha yakapandwa, yaliota mapema zaidi.

Mbegu zote hazifanani. Maharage, yapandwayo katikati ya migomba, yakitumbukizwa majini makavu hunywa upesi mno. Ngozi za seli hupasuka, sukari huvuja, na kuvu hupata chakula. Afadhali yapandwe bila kulowekwa.

Kwa njugumawe, mkulima aanze kwa kupima. Atenge mafungu manne ya mbegu 20: moja lisilowekwe, mengine yalowekwe kwa saa 6, 12 na 24. Kisha ayafunike kwa kitambaa chenye unyevu na kuhesabu zilizoota kila siku. Muda unaoharakisha kuota bila kupunguza idadi ya zilizoota ndio unaofaa.

Kuloweka hakufufui mbegu iliyokufa, hakurutubishi rweya, wala hakuleti mvua. Hufupisha kungoja tu. Lakini kwa mwenye debe moja la mbegu, siku chache hizo zaweza kuwa ndizo mavuno yenyewe.