THABEET: UREFU SAWA, MIKONO JE?

Hapa Dodoma kijana akirefuka kidogo tu, vijiweni wanambatiza 'Thabeet'. Poa, ila tuseme ukweli jamani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alichaguliwa wa pili NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry! Kuzima mipira alikuwa balaa: Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wake wa mwisho, zaidi ya 4 kila mechi. Futi 7 na inchi 3, utapitia wapi?

Kasheshe ilikuwa kufunga. Kikapu alikianza ukubwani, mikono mizito, faulo kibao. NBA akaambulia wastani wa pointi 2.2. Mimi ningembakiza chuoni, maana alibakiza mwaka mmoja. Lakini mshiko ule, wewe ungeukataa?