Makala Yasiyotoa Moshi

Miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku yauma sana huku Katanga, na katika nyumba zisizo chache za Lubumbashi mama huingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto. Kwanza huingoja nje mpaka moshi uishe. Makala yakisha kuwa mekundu, husema: sasa hayana hatari. Ndugu wasomaji, hapo ndipo hatari ilipo.

Makala ni kaboni. Yakiwaka penye hewa tele, kaboni hushikana na oksijeni kwa ukamilifu. Lakini mlango ukifungwa na dirisha likizibwa kwa tambara, oksijeni hupunguka, na makala yale yale huzaa kwa wingi gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, wala haimfanyi mtu akohoe. Ikiingia katika damu, hushikamana na hemoglobini kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu yaendelea kutembea mwilini, lakini haina cha kupeleka. Mtu huumwa kichwa, hulegea miguu, hutapika. Aliyelala hasikii hata hayo.

Nasi tulipokuwa wanafunzi bwenini tulifanya upumbavu huo. Mwenzetu mmoja aliamka kwenda haja, akaangukia mlango, nao ukafunguka; kwa anguko lile tulipona sote.

Beseni la maji kando ya mbabula halisaidii kitu, kwani gesi hii haiyeyuki majini ila kidogo mno. Mbabula ibaki nje, liingie blanketi. Na ukimkuta mtu amezimia, fungua milango, mtoe nje upesi, kisha mbio hospitali, apewe oksijeni.