Usajili Uwafikie na Wenye Vibanda

Eneo la Kwa Mrombo, jijini Arusha, lajulikana mbali kwa nyama choma. Lakini wapo huko pia wenye vibanda vya steshenari, ambao kwa kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala humjazia mwananchi maombi ya cheti cha kuzaliwa, ya mkopo wa elimu ya juu, au ya namba ya mlipakodi. Mteja hukabidhi kitambulisho chake cha Taifa, hulipa, huondoka. Nakala aghalabu hubaki ndani ya kompyuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka kila akusanyaye au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Wajibu huo humhusu mwenye benki na mwenye kibanda pia. Wala si jambo geni duniani: Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1984, iliwataka hata wale waliofanya kazi za kompyuta kwa niaba ya wengine wajiandikishe.

Sisi twaiunga mkono sheria hii. Faragha ni haki iliyotamkwa katika ibara ya 16 ya Katiba yetu, na kitambulisho kikiangukia mikononi mwa tapeli, ataabikaye ni mwenyewe. Hata hivyo, benki ina wanasheria wake. Mwenye kibanda hana wa kumshauri. Akiogopa fomu na ada atajificha, na aliyejificha hafundishiki.

Kwa hiyo twawaomba wahusika Serikalini wasingoje siku ya msako. Wafuatane na maofisa biashara hadi vibandani, wasajili papo hapo, waeleze kwa Kiswahili chepesi, na wamwoneshe kila mmoja jinsi ya kufuta nakala kazi ikiisha. Hati iliyotundikwa ukutani haifuti chochote.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wasidhani kwamba hili ni la Bara pekee. Sheria hii yafika Zanzibar katika mambo ya Muungano, na kijana wa Pemba asomaye Arusha huacha nakala zake katika vibanda hivyo hivyo.

Siri ya mtu ni amana. Anayeipokea hana budi kufundishwa kuitunza kabla ya kuadhibiwa kwa kuipoteza.