DAWA YA USINGIZI NA WALINZI WA UBONGO

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji mpenzi, methali hii yafaa hata kwa ubongo, maana walinzi wake wanaweza kugeuka wakawa maadui.

Walinzi hao ni seli ziitwazo mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza na kuzipa jina mwaka wa 1919. Wakati wa amani hutulia zikinyoosha matawi yake kupapasa huku na huku. Zikigundua viini vya ugonjwa au jeraha, hubadilika umbo na kumwaga kemikali ziitwazo saitokini. Hapo ndipo huzuka mchochota.

Mchochota ni nini? Ukijikata kidole, huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ndio mchochota. Ukiwa kidogo, husaidia kuponya. Ukizidi ndani ya ubongo, huumiza seli za neva zisizo na hatia. Ni kama viranja waliotumwa kumkamata mchelewaji mmoja, wakaishia kuadhibu darasa zima!

Sasa dawa ya usingizi inaingia wapi? Tuchukue mfano wa deksimedetomidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1999 kwa wagonjwa mahututi. Dawa hii hupunguza noradrenalini, kemikali inayotuweka macho. Mgonjwa husinzia, lakini ukimwita huamka. Hata hivyo, hushusha mapigo ya moyo na presha, kwa hivyo si dawa ya kuchezea.

Watafiti walichukua mikroglia za panya, wakaziweka katika sahani za maabara na kuzichokoza kwa kipande cha ukuta wa bakteria. Lo! Seli zikamwaga saitokini kibao. Walipotia dawa hii, saitokini zikapungua. Sababu mojawapo ni protini iitwayo NF-kappa B iliyomo ndani ya seli. Protini hii ni kama kengele ya shule: ikilia, jeni za kutengeneza saitokini huanza kazi. Dawa huipunguzia kengele hiyo sauti.

Je, jambo hili latuhusu? Naam. Mzee akifanyiwa operesheni, mara nyingine huamka amechanganyikiwa, hawatambui hata wanawe. Watu huanza kunong'ona eti karogwa. La hasha! Hali hiyo huitwa deliriamu, na mchochota wa ubongo unaofuata upasuaji hushukiwa kuwa chanzo kimojawapo.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulihusu wazee 700 waliopasuliwa huko Beijing, Uchina. Kati ya kila 100 waliopewa dawa hii kwa kiwango kidogo, 9 walichanganyikiwa. Kwa wasioipata, walikuwa 23. Tushangilie? Ngoja kwanza! Mwaka wa 2020, utafiti wa Marekani kuhusu wagonjwa karibu 800 waliopasuliwa moyo ulionyesha kwamba dawa hiyo hiyo haikupunguza deliriamu.

Kwa hivyo tujifunze kwamba sahani ya maabara si mwili wa binadamu. Linalotuliza seli za panya huenda lisimtulize babu. Basi mzee akiamka amechanganyikiwa, mwite daktari au muuguzi upesi. Mpe miwani yake, zungumza naye polepole, na umwache alale usiku. Usimkimbilie mganga, wala usimcheke. Walinzi wake wa ndani huenda wamepandwa na hasira tu.