Usibadilishe Kaboni Kabla Hujajua Kilichozila: Mota ya Mashine ya Kufyonza Vumbi



Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia mashine ya kufyonza vumbi, ile mnayoiita vakyumu. Wengi wenu sasa mnasaga na kupakia viungo wenyewe, na mnajua kwamba pakiti yenye vumbi au mchanga haichukuliwi na hoteli mara ya pili. Ukifagia kwa ufagio vumbi linapaa, halafu linatua palepale unapopakia. Ndiyo maana vakyumu za zamani, zilizoletwa na jamaa kutoka Muscat au kununuliwa used mjini, zimeingia kwenye vyumba vyetu vya kupakia. Na ndiyo maana zikiharibika kazi inasimama.

Lakini kwanza nieleze kosa langu.

Kikundi kimoja cha vijana upande wa Dole kinasaga manjano na mdalasini. Vakyumu yao, waliyopewa na shangazi wa mmoja wao, ilianza kukatakata, ikitoa cheche na harufu ya kuungua. Waliponipigia simu nilikuwa na haraka. Nikaifungua, nikaona kaboni zimekwisha, nikaenda Darajani nikanunua jozi mpya, nikafunga. Ikaunguruma vizuri. Nikasifiwa, nikanywa madafu, nikaondoka. Wiki tatu baadaye ikafa kabisa, na mzigo wa hoteli ulikuwa umebaki siku nne.

Safari hii niliibeba mpaka Mkunazini kwa fundi mmoja mtu mzima. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nadhani hizi kaboni nilizouziwa ni feki." Akaitikia, akaifungua, akaikung'uta juu ya gazeti. Unga wa manjano ukamwagika kutoka ndani ya mota.

"Umebadilisha kaboni, mwanangu," akasema. "Na kilichozila je?"

Mfuko wa vumbi ulikuwa umechanika zamani, na vijana wakaweka kipande cha kanga badala yake. Unga laini ulipita kwenye kanga moja kwa moja hadi kwenye mota. Mimi sikuufungua mfuko hata kuutazama. Kufikia siku hiyo pete ya shaba ilikuwa imeungua na vipande viwili vimeinuka, hakuna cha kutengeneza. Vijana walitoa pesa za pakiti wakanunua mota iliyotolewa kwenye mashine nyingine, na mzigo wakaupeleka nusu. Shambani nisingekubali mtu apige dawa kwa kuona majani ya manjano tu bila kuangalia mizizi. Kwenye mashine nilifanya hivyohivyo.

Mota hii inafanyaje kazi?

Si kama mota ya pampu ya kisima. Ndani kuna sehemu inayozunguka, mafundi wanaiita amecha. Umeme unaifikia kupitia kaboni mbili zinazosugua pete ya shaba iliyogawanywa vipande vipande. Ni aina ileile iliyomo kwenye blenda, drili na grainda. Inazunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Na kwenye vakyumu nyingi za kawaida, hewa inayofyonzwa ndiyo inayoipoza mota. Kwa hiyo ukiziba njia ya hewa, unaipika mota. Ukitoboa mfuko, unailisha vumbi.

Sikiliza kabla ya kufungua

Kwanza soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Kama mashine ilitoka Marekani na imeandikwa 120, usiichomeke bila transfoma. Utaiunguza mara moja.

Halafu sikiliza:

1. *Kimya kabisa.* Usishutumu mota. Jaribu soketi nyingine. Angalia fyuzi ndani ya plagi ya pini tatu, waya pale unapokunjwakunjwa, na swichi. Mashine nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikichemka. Iache ipoe kama saa nzima, ujaribu tena.

2. *Sauti nyembamba na kali, lakini haivuti.* Njia ya hewa imeziba. Mota haina hewa ya kusukuma, ndiyo maana inakimbia zaidi. Safisha mpira, mfuko na filta.

3. *Inakatakata, inaamka ukiigonga, cheche nyingi.* Hizo ni kaboni, au pete ya shaba.

4. *Inalia kama chuma kinasagwa.* Beringi.

5. *Moshi na harufu kali ya vanishi iliyoungua.* Koili. Zima hapohapo.

Ukishafungua

Chomoa plagi kwanza. Si kuzima swichi, ni kuchomoa. Piga picha kwa simu kila hatua ili usisahau waya ulikaa wapi.

*Njia ya hewa* ndiyo ya kwanza, hata kama umeshaziona kaboni zimekwisha. Ukikuta unga upande wa mota, mfuko au filta imepitisha. Tengeneza hapo kabla ya kununua chochote.

*Kaboni.* Zitoe zote mbili. Zikibaki chini ya milimita 6 hivi, badilisha jozi nzima, si moja. Chukua zile za zamani uende nazo dukani upime upana, unene na urefu. Ukikosa saizi yako, kaboni kubwa kidogo ya grainda inaweza kusuguliwa kwa msasa mpaka iingie. Lazima iteleze bila kukwama wala kuchezacheza. Angalia na springi: ikiwa imelegea kwa joto, kaboni mpya haitakusaidia.

*Pete ya shaba.* Rangi ya kahawia iliyolingana ni sawa. Weusi wa kuungua usafishe kwa msasa laini wa mbao, huku unazungusha amecha kwa mkono. Usitumie msasa wa chuma, chembe zake zinaweza kupitisha umeme. Mifereji katikati ya vipande isafishe kwa kijiti. Kisha chukua mita upime kipande kwa kipande jirani, kuizunguka pete yote. Namba zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiruka mbali, koili ya hapo imekatika au imegusana. Pima pia kati ya pete na shafti. Ikionyesha umeme unapita, amecha imekwisha. Vipande vikiinuka, usiendelee.

*Beringi.* Zungusha kwa mkono. Ikikwaruza au shafti ikicheza, badilisha. Namba imeandikwa ubavuni. Mara nyingi utakuta 608, yenye tundu la milimita 8 na upana wa nje milimita 22, na inapatikana kirahisi. Tahadhari: nati inayoshika feni kwenye baadhi ya mota hufunguka kinyume. Usilazimishe.

Ukimaliza, iwashe kwa vipindi vifupi. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni mpya ni kawaida, zitapungua zikishakaa. Cheche zikizunguka pete nzima, zima.

Lini uache?

Kanuni yangu: ikiwa gharama ya kusuka upya koili inapita nusu ya bei ya mashine nyingine nzima, acha. Ila usiitupe. Waya, swichi na beringi zake zitamfaa mwenzako.

Na hili msilichezee

Vakyumu ya nyumbani hutoa cheche ndani yake. Unga laini wa viungo ukitanda hewani unaweza kushika moto kwa kishindo. Kwa hiyo usiitumie wakati mashine ya kusaga inafanya kazi, wala usifyonze rundo la unga uliomwagika. Unga uzoe kwa kibeleshi taratibu, meza ifute kwa kitambaa chenye unyevu, na vakyumu ibaki kwa vumbi dogo la sakafuni kwenye chumba cha kupakia. Maji usifyonze kabisa kama haikutengenezwa kwa maji.

Baada ya kazi toa mfuko, ihifadhi pakavu. Unyevu na chumvi ya bahari hapa kwetu vinaweka kutu ya kijani kwenye viungio vya shaba, hasa wakati wa masika.

Wale vijana wa Dole sasa wana mfuko wa akiba umening'inia ukutani, na aliyetumia mashine siku hiyo ndiye anayekagua filta kabla ya kufunga mlango. Mimi nami, siku hizi nikiitwa kuangalia mashine, naanza na mfuko. Bisibisi inasubiri.

Tukutane shambani, inshallah.