Dazani za Dar es Salaam

Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mwenye duka la jumla hasemi soksi mia moja arobaini na nne. Anasema dazani kumi na mbili, anafunga mzigo, anataja bei. Dazani inapendwa kwa kuwa inakatika bila ubishi: nusu, theluthi, robo, hata sudusi. Kumi haina theluthi.

Nikaipeleka tabia hiyo kwenye sensa ya Agosti 23, 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulikutwa na watu 5,383,728. Wafunge kwa dazani: habaki mtu. Zifunge dazani zenyewe kumi na mbili kumi na mbili: haibaki hata moja. Unapata mafungu 37,387 kamili, na hayo nayo ni 7 × 7 × 7 × 109. Sikutegemea jiji lenye foleni kama zetu liwe na mpangilio huo.

Namba hiyo inagawanyika pia kwa 9, na huhitaji simu kulijua hilo. Jumlisha tarakimu zake: 36. Kumi, mia, elfu, zote zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1; ndiyo maana kila tarakimu, popote ilipokaa, huchangia thamani yake yenyewe tu kwenye baki.

Taifa zima, watu 61,741,120, halikupata bahati hiyo. Tarakimu zinaleta 22; hata kwa 3 haigawanyiki. Funga dazani, wanne wanabaki nje. Vigawo vyake tasa ni 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Hiyo 641 ina jina kwa wanahisabati: mwaka 1732 Leonhard Euler aliona kuwa inaigawanya 4,294,967,297, namba ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa. Kuikuta kwenye sensa yetu ni sadfa tupu, lakini nilitabasamu.

Sasa ongeza kichanga mmoja aliyechelewa kuhesabiwa: 5,383,729. Dazani zimevunjika, saba zote zimetoweka, 109 nayo. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, maana kingekuwepo kingeigawanya na tofauti yao, ambayo ni 1. Kwa hoja hiyohiyo Euclid alithibitisha, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba namba tasa hazina mwisho.

Jiji lenye kichanga wake linagawanyika kwa 13. Mtaa wa Kongo, hiyo ni dazani na nyongeza.