Ryokan za bei nafuu: malazi ya Kijapani yanayoifaa familia ya Kiislamu

Familia ya Kiislamu inapopanga safari ya mbali, maswali mawili hutangulia hata lile la nauli: tutakula nini, na tutajisitiri vipi? Kwa anayekwenda Japani na kutamani kulala katika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya asili ya nchi hiyo, maswali hayo huwa mazito zaidi.

Nyumba hizi zina historia ndefu. Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyopo mkoani Yamanashi, ilianzishwa mwaka 705 na inatambuliwa kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Kwa desturi, mgeni wa ryokan huandaliwa mlo wa jioni wenye vyakula vingi, na huoga katika bafu la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, wote wakiwa uchi. Hapo ndipo Muislamu anapokwama. Chakula kisicho na nguruwe huweza kuwa kimetiwa sake, pombe ya mchele, au mirin, kiungo kitamu chenye kileo. Na utupu haufunuliwi mbele ya watu, hata wakiwa wa jinsia moja.

Hata hivyo, hali imebadilika. Mwaka 1980 Japani ilikuwa na ryokan zaidi ya 80,000. Kufikia mwaka 2018 zilibaki chini ya 40,000. Baadhi ya zilizosalia zilijiokoa kwa kupunguza gharama na kuwafungulia milango wageni wa nje. Sawanoya, ryokan ndogo ya vyumba 12 katika mtaa wa Yanaka jijini Tokyo, ilianza kupokea wageni wa kigeni mwaka 1982, baada ya wateja kuadimika. Haiandai chakula cha jioni, na mabafu yake hufungwa kwa ndani ili familia moja ioge peke yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mabadiliko yaliyoiponya biashara hiyo ndiyo hayo hayo yanayomwondolea Muislamu vikwazo.

Mengine ndani ya ryokan hayatakuwa mageni kwetu. Viatu huvuliwa mlangoni. Chumba hutandikwa tatami, mikeka minene isiyokanyagwa hata kwa ndara, na chooni huwekwa ndara zake ambazo hazitoki humo. Magodoro hutandikwa sakafuni usiku, na asubuhi hukunjwa yakarudishwa kabatini, pakabaki nafasi pana na safi ya kuswalia. Ukiwa Tokyo, kibla ni magharibi, kikielekea kidogo kaskazini. Vyoo vingi vya Japani vina bomba dogo la maji ya kujisafishia. Mgeni hupewa pia yukata, vazi jepesi la pamba. Upande wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia, kwani kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti.

Kabla ya kulipa, tunashauri mambo matatu yahakikishwe. Kwanza, bei ya ryokan kwa kawaida huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba; baba mwenye watoto watatu asifurahie tarakimu aliyoiona kabla hajauliza ya watoto. Pili, iulizwe bei ya sudomari, yaani malazi bila chakula, kisha familia itafute mlo wa halali kwingine. Tatu, liulizwe bafu la faragha, kashikiri, na kama lina ada yake. Humo pia mtu hujisugua kwa sabuni na kujisuuza kwanza, ndipo aingie majini, kwa kuwa maji hayo hayo yatatumiwa na wengine.

Yote haya yaandikwe mapema, kwa maneno machache na ya heshima. Mwenyeji wa Kijapani ataona ni afadhali aambiwe wiki mbili kabla kuliko kuona chakula alichokiandaa kikirudi jikoni bila kuguswa.